Matumbawe ya Tangini: Namna ya Kupandisha Ualkali na Kalsiamu Bila Kuyaua

Matumbawe ni wanyama wadogo wanaojijengea mifupa ya chokaa kwa kutumia madini yaliyomo kwenye maji. Baharini madini hayo hayaishi. Kwenye tangi la nyumbani yanaisha, tena chap chap kadiri matumbawe yanavyokua.

Hapo ndipo wafugaji wengi wanapoharibu mambo. Mtu anapima maji, anakuta namba iko chini, anamwaga dawa nyingi kwa mkupuo ili ipande. Baada ya siku chache ncha za matumbawe zinakuwa nyeupe na nyama inaanza kubanduka. Kumbe upungufu ule matumbawe yangeuvumilia kwa siku kadhaa. Kilichoyashinda ni mabadiliko ya ghafla.

Ualkali na kalsiamu ni nini?

Ualkali ni uwezo wa maji kuzuia asidi. Kwenye maji ya bahari unatokana zaidi na bikabonati na kabonati, na hupimwa kwa kipimo cha dKH. Kalsiamu ni madini yaleyale yaliyomo kwenye mifupa na maziwa, na hupimwa kwa miligramu kwa lita. Matumbawe huunganisha vitu hivi viwili kupata kabonati ya kalsiamu, yaani chokaa.

Namba za kulenga

• Ualkali: baharini ni karibu 7 dKH. Tangini 7 hadi 10 inatosha.
• Kalsiamu: baharini ni karibu 410. Tangini 400 hadi 450.
• Magnesiamu: baharini ni karibu 1,300. Tangini 1,250 hadi 1,400.
• Chumvi: gramu 35 kwa kila kilo ya maji.

Namba ikishakuwa ndani ya mipaka hii na haiyumbi, iache. Tangi linalokaa 7.5 kila siku ni salama kuliko linaloruka kutoka 7 hadi 10 na kurudi.

Kwa nini ualkali hushuka kwanza?

Kila matumbawe yanapotumia 2.8 dKH ya ualkali, yanatumia karibu miligramu 20 tu za kalsiamu kwa lita. Kwa hiyo ualkali unaweza kushuka kutoka 8 hadi 5.2 huku kalsiamu ikitoka 420 hadi 400. Anayepima kalsiamu peke yake atadhani mambo yako sawa, kumbe tangi liko taabani.

Kabla ya kuweka chochote

1. Pima chumvi. Chumvi ikiwa chini, kila kitu kinasoma chini. Rekebisha hiyo kwanza, nayo taratibu.

2. Pima magnesiamu. Ikiwa chini sana, ualkali na kalsiamu vinaungana vyenyewe na kuwa vumbi la chokaa. Utaongeza kila siku na namba isipande.

3. Rudia kipimo. Vipimo vya matone hukosea, hasa vikipita muda wake. Namba ya kutisha ihakikishwe mara mbili kabla ya kuchukua hatua.

4. Jua lita halisi. Mawe na mchanga huchukua nafasi. Tangi lililoandikwa lita 200 huwa na maji pungufu ya hapo.

Kama upungufu ni mdogo, kubadilisha sehemu ya maji kwa chumvi nzuri ya matumbawe kunaweza kumaliza kazi bila dawa yoyote.

Kupandisha ualkali

Kinachotumika sana ni bikabonati ya sodiamu safi, ile magadi soda ya pakiti ya kuokea. Gramu 3 hupandisha lita 100 za maji kwa karibu 1 dKH.

Usivuke 1 dKH kwa siku, na nusu yake ni salama zaidi. Mfano: tangi lenye lita 200 halisi liko 6 na linatakiwa kufika 8. Jumla ni gramu 12. Gawa siku nne, gramu 3 kila siku.

Pima kwa mizani ya kidijitali, yeyusha kwenye maji yaliyochujwa, kisha mimina kidogo kidogo pale pampu inapopuliza kwa nguvu. Pima ualkali kila siku saa ileile kabla ya kuongeza tena, maana matumbawe nayo yanaendelea kula.

Tahadhari mbili. Beking pauda haifai, kwa sababu ina asidi na wanga ndani yake. Magadi ya mabonge ya sokoni, yale ya kulainishia maharage, nayo hayafai. Yanatoka ziwani yakiwa na floridi na uchafu mwingine.

Kupandisha kalsiamu

Hapa hutumika kloridi ya kalsiamu iliyo safi. Ile ya daihidreti, gramu 3.7 hupandisha lita 100 kwa karibu miligramu 10 kwa lita. Ile kavu kabisa ina nguvu zaidi, hivyo inahitajika kama robo tatu tu ya uzito huo.

Miligramu 20 kwa lita kwa siku ni mwendo salama. Kwa tangi lilelile la lita 200, kutoka 360 hadi 420 kunahitaji karibu gramu 44 za daihidreti. Zigawe siku tatu au zaidi.

Weka unga kwenye maji, usimwage maji juu ya unga, kwa sababu hutoa joto unapoyeyuka. Subiri mchanganyiko upoe kabla ya kuumimina.

Usichanganye viwili hivi

Bikabonati na kloridi ya kalsiamu zikikutana zikiwa nzito, maji hugeuka meupe kama maziwa. Hiyo ni chokaa, na matumbawe hayawezi kuitumia tena. Kila dawa iwe na chupa yake na kijiko chake. Weka moja, subiri angalau nusu saa, ndipo uweke nyingine.

Ikitokea tangi zima limekuwa jeupe, acha kuweka dawa. Ualkali utakuwa umeanguka, na mtu hushawishika kuongeza ili kuufidia. Kufanya hivyo hutengeneza chokaa zaidi. Acha pampu ziendelee kuzunguka, pima pH, badilisha sehemu ya maji, na kagua hita na pampu kama zimeganda.

Na maji ya chokaa je?

Wafugaji wengi huyaita kwa jina la Kijerumani, Kalkwasser. Hutengenezwa kwa haidroksidi ya kalsiamu, karibu gramu 1.5 kwa lita, na huleta ualkali na kalsiamu kwa pamoja.

Yanafaa kushikilia namba iliyokwisha kuwa nzuri, si kuziba upungufu mkubwa. pH yake hupita 12, kwa hiyo hudondoshwa tone kwa tone, hasa usiku pH ya tangi inaposhuka, na kiasi chake kisizidi maji yanayokauka. Huunguza macho na ngozi, basi vaa glavu na miwani, na yawekwe mbali na watoto. Chokaa ya kupaka ukuta isitumike, kwa sababu haijulikani imechanganywa na nini.

Dalili za kusimama

Ncha zikianza kuwa nyeupe, matumbawe yakijifunga mchana kutwa, au nyama ikibanduka kuanzia chini, simamisha dawa na upime kila kitu upya. Usikimbilie kuushusha ualkali kwa nguvu, maana kushuka ghafla huumiza kama kupanda ghafla. Acha matumbawe yenyewe yautumie hadi ushuke.

Daftari dogo la tarehe, kipimo na gramu zilizowekwa husaidia sana. Baada ya wiki mbili litaonyesha tangi linatumia kiasi gani kwa siku, na hapo dawa huwekwa kwa hesabu badala ya kubahatisha.