Zawadi Iliyokwenda na Kurudi



Katika siku hizi za Yubilei imesemwa mara nyingi kwamba imani tuliletewa. Neno hilo ni la kweli, lakini ni nusu tu ya habari. Tukiyatazama vema mambo yaliyotokea kwenye Ziwa Tanganyika, ambako misioni za kwanza za mashariki ya Kongo zilianzishwa, tunaona kwamba Mwenyezi Mungu hakuwafanya wazee wetu kuwa watu wa kupokea tu. Yule kijana wa Injili alikuwa na mikate mitano ya shayiri, wala Bwana hakuidharau kwa uchache wake; aliitwaa, akashukuru, watu wakashiba.

Mapadri Weupe walifika Mulweba, katika nchi ya Masanze, mwaka 1880. Mwaka 1885 walipewa Mpala, boma ambalo Kapteni Storms alikuwa amelijenga tangu 1883. Siku zile biashara ya watumwa ilikuwa ikiharibu vijiji vya pande zote mbili za ziwa, na wengi kati ya wakristu wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa kwa mali. Tusifiche jambo: watoto hao walikaa chini ya amri kali ya misioni, wala hakuna aliyewauliza wanataka kwenda wapi. Hata hivyo, wale walionunuliwa ndio waliokuja kutoa bila kuuza.

Mfano mkubwa ni Adrien Atiman. Alizaliwa mbali sana, karibu na mto Niger, akaibiwa angali mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, ndipo Mapadri wakamkomboa. Walimpeleka kisiwani Malta kujifunza uganga wa kizungu. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alifika Karema, ng'ambo ya pili ya ziwa, katika nchi inayoitwa leo Tanzania. Angaliweza kutafuta mahali penye mshahara mnono. Alibaki Karema, akitibu wagonjwa na kufundisha dini, hata kufa kwake mwaka 1956. Hesabuni wenyewe: ni zaidi ya miaka sitini na mitano. Tena alimtoa mwanawe Joseph, akawa padri.

Upande wetu wa ziwa, zawadi ilikuwa ya namna nyingine. Stefano Kaoze, mwana wa nchi ya Marungu, aliingia seminari ya Mpala, akasoma miaka mingi, kilatini pamoja na filosofia na teolojia, wakati ambapo wazungu wengi walisema kwamba mtu mweusi hawezi. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, ndiyo Kirungu ya Moba, Askofu Victor Roelens alimpa upadri. Alikuwa padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi zetu. Tunasema hivyo kwa sababu ufalme wa kale wa Kongo ulikwisha kuwa na mapadri wake karne nyingi mbele.

Lakini sisi tunapenda kukumbusha jambo moja lisilotajwa sana. Miaka saba kabla ya upadrisho wake, Kaoze alikuwa ameanza kuchapisha, kwa lugha ya kifaransa, maandiko juu ya fikra na tabia za Wabantu. Maana yake, aliyekuwa bado mwanafunzi wa wageni aliwafundisha wageni hao hekima ya baba zake. Hapo zawadi ilirudi njia ileile iliyokuja nayo, nayo ilikuwa imeongezeka. Kwa maoni yetu, siku ile Kanisa la nchi hii lilianza kusimama kwa miguu yake, kabla ya Kaoze kupakwa mafuta matakatifu.

Atiman na Kaoze wana majina vitabuni. Makatekista, ambao wazee wetu waliwaita walimu, wengi hawana. Walitembea kwa miguu kijiji hata kijiji, wake zao wakilima peke yao, na malipo yao yalikuwa madogo mno. Wengine walibatiza wagonjwa ambao padri hakuwafikia kamwe. Kwa hiyo tunaomba kila shirika lidogo la parokia liwaulize wazee wangali hai, liandike majina ya walimu wa kwanza na ya wake zao, na kuyaleta kwa Padri paroko kabla ya mwisho wa mwaka huu wa Yubilei.