Mzee Asiye na Jina wa Altun Ha: Saa Moja ya Watalii wa Meli, Miaka 1,400 ya Kimya

Kuna mzee mmoja alizikwa na kichwa cha kijani chenye uzito wa kilo 4.42, na mpaka leo hakuna mtu duniani anayejua alikuwa anaitwa nani. Kila msimu wa meli za kitalii ukifika, watu kibao wanapanda ngazi za hekalu alimozikwa, wanapiga selfi, wanashuka, wanawahi boti.

Hapo ni Altun Ha, Belize. Stori yake iko hivi.

MELI INATIA NANGA MBALI

Belize ni kanchi kadogo Amerika ya Kati. Kaskazini kuna Mexico, magharibi na kusini kuna Guatemala, mashariki ni bahari ya Karibi. Zamani ilikuwa koloni la Waingereza ikiitwa British Honduras, ikapata uhuru tarehe 21 Septemba 1981.

Meli kubwa za kitalii zinazozunguka Karibi, nyingi zikitokea Florida, zina Belize City kwenye ratiba yao. Humo ndani ni bata tu: mabwawa ya kuogelea, migahawa, muziki mpaka usiku wa manane. Ila zikifika Belize haziwezi kusogea mpaka mjini, kwa sababu maji ya karibu na pwani ni mafupi. Zinatia nanga mbali kabisa, halafu boti ndogo ndiyo zinabeba abiria kuwapeleka nchi kavu.

Hapo mtalii anachagua. Wapo wanaokwenda kuogelea kwenye matumbawe, maana Belize ina ukuta wa matumbawe ambao ni wa pili kwa ukubwa duniani baada ya ule wa Australia. Wapo wanaoingia mapangoni. Na wapo wanaosema, leo twende tukaone magofu ya Wamaya.

Sasa piga hesabu. Altun Ha iko kama kilomita 50 kaskazini ya Belize City. Toa muda wa foleni ya boti, toa saa nzima ya basi kwenda na nyingine ya kurudi. Mtalii anabaki na saa moja na ushee ya kuzunguka mji uliojengwa kwa mamia ya miaka. Akiwa amekuja na safari iliyopangwa na meli yenyewe, basi likichelewa kidogo atasubiriwa. Akiwa amejipangia mwenyewe na teksi ya mtaani, akichelewa anaiona meli yake ikiondoka hivi hivi. Ndiyo maana mwongoza watalii anaongea fasta, mkono mmoja anaonyesha hekalu, jicho moja liko kwenye saa.

HATA JINA LA MJI NI LA JUZI

Jambo la kwanza ambalo wengi wanaondoka bila kulijua ni hili: Altun Ha siyo jina la zamani la huo mji. Karibu na magofu kuna kijiji kinaitwa Rockstone Pond, yaani bwawa la mwamba. Wataalamu wakalichukua hilo jina la kijiji, wakaligeuza kwa Kimaya, likatoka Altun Ha. Wenyeji wa zamani waliuitaje mji wao? Haijulikani.

Hata kugunduliwa kwake kulianzia kwa watu wa kawaida. Mwaka 1963 wanakijiji walikuwa wanachimba mawe, kazi ya kutafuta riziki kama kazi nyingine. Wakakutana na kidani kikubwa cha jade kilichochongwa kwa ufundi mkubwa. Habari zikafika kwa wakubwa, na kuanzia 1964 mtaalamu wa mambo ya kale David Pendergast, kutoka makumbusho ya Royal Ontario ya Canada, akaja na timu yake. Walichimba mpaka 1970.

Jina la Pendergast liko kwenye vitabu vyote vinavyoielezea Altun Ha. Ya wale wanakijiji wenye sururu utayatafuta sana.

KICHWA CHA KIJANI

Mwaka 1968 timu ilikuwa inachimba ndani ya hekalu kubwa kuliko mengine hapo, linalofahamika kwa wataalamu kama B-4. Lina urefu wa mita 16 hivi, weka kama ghorofa tano. Halikujengwa siku moja. Wamaya walikuwa na kawaida ya kujenga hekalu jipya juu ya lile la zamani, kwa hiyo ukilichimba ni kama unamenya kitunguu, ganda baada ya ganda.

Ndani kabisa wakakuta kaburi la mwanamume mtu mzima, mzee, aliyezikwa miaka ya 600 na kitu baada ya Kristo. Amezungukwa na vitu vya thamani. Na hapo hapo pamoja naye kipo kichwa cha jade, macho makubwa, urefu wake karibu sentimita 15. Wengi wanasema ni Kinich Ahau, mungu wa jua wa Wamaya, ingawa baadaye wapo wataalamu waliobisha.

Ukitaka kuuelewa uzito wake, beba mfuko wa unga wa kilo tano, kisha upunguze kidogo tu. Huo mzigo wote ni jiwe moja. Kinatajwa kuwa ndicho kitu kikubwa kuliko vyote vya jade kuwahi kuchongwa na Wamaya.

Sasa fikiria kazi yake. Jade haipatikani Belize. Inatoka bonde la mto Motagua, huko Guatemala. Wamaya hawakuwa na punda wala ng'ombe wa kubeba mizigo, na hawakuwa na mikokoteni. Mzigo ulisafiri kwa mitumbwi na kwa migongo ya watu. Likishafika, fundi hakuwa na patasi ya chuma. Jade ni ngumu, kisu cha kawaida hakiifanyi kitu. Iliwabidi waisugue kwa mchanga, kamba na vijiti vya kutobolea, taratibu, siku baada ya siku, mpaka jiwe likatoa pua, mdomo na macho.

Kwa hiyo pale kuna watu watatu wasio na majina. Mzee aliyezikwa. Fundi aliyechonga. Na wabebaji waliolitoa jiwe bondeni.

KWA NINI WENGINE WANA MAJINA?

Hapa ndipo stori inapoumiza.

Kipindi hicho hicho, huko Palenque, Mexico, alikuwepo mfalme aliyezikwa na kinyago cha jade usoni. Tunajua anaitwa K'inich Janaab Pakal. Tunajua alitawala kuanzia mwaka 615, akafariki 683. Kaburi lake lilifunguliwa mwaka 1952.

Tunayajua hayo kwa sababu Wamaya walikuwa na maandishi yao wenyewe, na Palenque waliyachonga kwenye mawe na kuta. Kwa muda mrefu Wazungu waliyaangalia wakaona ni mapicha tu. Mwaka 1952 huo huo, Mrusi mmoja anaitwa Yuri Knorozov akaonyesha kuwa zile alama zinabeba sauti, yaani zinasomeka. Unaambiwa jamaa alifanya hiyo kazi akiwa mezani kwake Leningrad, magofu yenyewe hajawahi kuyatia machoni. Mwaka 1960 mwanamama Tatiana Proskouriakoff akaongeza lingine: zile sanamu zilizodhaniwa ni miungu ni wafalme wa kweli, na maandishi yanataja siku walizozaliwa, waliposhika madaraka na walipokufa. Watu waliokuwa hawana majina wakaanza kupata majina, mmoja mmoja.

Altun Ha haikubahatika. Wenyewe hawakuwa na desturi ya kusimamisha yale mawe marefu ya kumbukumbu yenye maandishi. Kwenye kaburi lingine hapo hapo, lililokuwa na karibu vipande 300 vya jade, yalikutwa mabaki ya kitabu cha Kimaya, ila unyevu ulishakimaliza. Hakuna cha kusoma.

Na vitabu vilivyovumilia unyevu havikuvumilia moto. Tarehe 12 Julai 1562, mji wa Maní huko Yucatán, padri wa Kihispania Diego de Landa alikusanya vitabu vya Wamaya akavichoma hadharani, akisema ni mambo ya shetani. Leo, kwa ustaarabu mzima ule, vimebaki vitabu vinne tu duniani. Vinne.

Mtalii anapomuuliza mwongozaji, "Huyu aliyezikwa hapa alikuwa nani?", jibu fupi lililopo ni hilo: jina lake halikuandikwa mahali palipodumu.

"WAMAYA WALIPOTEA" SIYO KWELI

Kuna sentensi inapenda kurudiwa kwenye mabasi ya watalii: Wamaya walitoweka kimaajabu.

Miji mingi ya kusini iliachwa kweli, hasa kati ya miaka ya 800 na 900. Wataalamu wanataja ukame wa muda mrefu, vita na ugomvi wa madaraka. Altun Ha yenyewe ina ushahidi wake: mwishoni mwishoni, baadhi ya makaburi ndani ya hekalu kubwa yalivunjwa na kuchomwa, na wapo waliosoma hapo dalili ya watu wa chini kuwageuka wakubwa wao. Inaingia akilini. Anayebeba mawe mgongoni maisha yake yote, siku mvua ikikata anauliza mfalme anafanya kazi gani.

Lakini kuhama mji siyo kutoweka. Wamaya wapo kwa mamilioni, Guatemala, Mexico, Belize, na lugha zao wanaziongea mpaka leo. Belize peke yake kuna Wamopan, Waq'eqchi' na Wayukateki. Wanaishi pamoja na Wagarifuna, Wamestizo, na Wakrioli ambao wengi wao wana damu ya Waafrika walioletwa utumwani kukata miti ya mahogani.

Na siyo kwamba wapo tu, wanadai chao. Wamaya wa wilaya ya Toledo, kusini ya Belize, walihangaika mahakamani miaka mingi kuhusu ardhi ya vijiji vyao. Mwaka 2015 kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Karibi, na haki yao ya kimila juu ya ardhi hiyo ikatambuliwa. Mtu aliyepotea hafungui kesi akashinda.

KATAPILA LA NOHMUL

Ukidhani magofu yako salama kwa sababu yanaingiza hela za watalii, sikia hii. Mei 2013, kaskazini ya Belize, mahali panaitwa Nohmul, katapila lilikutwa limeshakula karibu piramidi nzima ya Wamaya. Kisa? Kifusi cha barabara. Mawe yaliyochongwa kwa mkono zaidi ya miaka 1,000 iliyopita yakabebwa na malori kwenda kujaza mashimo.

Nohmul haikuwa kwenye ratiba ya meli. Hapakuwa na foleni ya watalii, hapakuwa na kibanda cha tiketi. Altun Ha inalindwa kwa sababu ni maarufu, na hekalu lake lipo mpaka kwenye chupa za bia ya Belikin, kinywaji cha taifa kabisa. Hapo ndipo wale watalii wenye haraka wanapostahili shukrani kidogo. Tiketi zao zinasaidia kuliweka katapila mbali.

Ila tiketi peke yake haitoshi, maana mtu anaweza kulipa, akapanda ngazi zote, akarudi melini na picha 40 na asijue alisimama juu ya kaburi la nani.

JIONI

Saa za mchana zikiisha, mabasi yanarudi Belize City. Boti zinawapeleka watu kule meli ilipotia nanga. Wengine wanaagiza Belikin ya mwisho kabla ya kupanda, mkononi wameshika picha ya hekalu walilotoka kulipanda. Kile kichwa cha kijani chenyewe wengi hawajakiona, kwa sababu ni hazina ya taifa na kwa miaka mingi kimefungiwa kwenye chumba cha hazina cha Benki Kuu ya Belize. Nakala ndiyo inayozunguka.

Mzee mwenyewe kichwa chake kimepata ulinzi, kimepata umaarufu, kimeingia vitabuni. Jina lake bado.

Na wewe je, mtaani kwenu au kijijini kwa bibi, kuna ukuta wa zamani, kisima au kaburi ambalo watu wanapita tu kila siku? Muulize babu au bibi palijengwa na nani, na uandike jina mahali. Katapila likishafika, hakuna wa kumuuliza tena.