Pikipiki ya zamani: namna ya kujua na kutengeneza amortisere za mbele

Barabara nyingi za mitaa ya Goma ziko juu ya mawe makali ya Nyiragongo, mlima wa moto ambao lava yake ilifika katikati ya mji mwaka 2002. Ku barabara za namna hiyo, amortisere za mbele za pikipiki zinachoka haraka. Mara nyingi motari anabadilisha mipira ya kuzuia mafuta, kiisha wiki chache mafuta inavuja tena. Pesa imepotea, sababu ugonjwa haukuwa ku mpira.

Ndani ya kila mguu muko resori na mafuta. Resori inabeba uzito. Mafuta inatuliza resori ili gurudumu lisirukeruke.

Mafuta ku bomba
Pangusa bomba inayong'aa, shika breki ya mbele, sukuma gido chini mara kumi. Kama duara ya mafuta inaonekana, pitisha ukucha ku bomba. Ukucha ukikwama, kuko kutu ao mukwaruzo, na huo utapasua hata mpira mpya. Alama ndogo inasuguliwa na msasa laini sana. Shimo kubwa linaomba bomba ingine.

Pikipiki inainama sana mbele
Kama hakuna mafuta inje lakini inagonga mpaka mwisho, mafuta ya ndani ni kidogo ao imezeeka, ao resori imelegea.

Kugonga ku gido
Inua gurudumu la mbele, shika miguu chini, sukuma na kuvuta. Ikicheza fasi ya shingo, goroli za gido zimelegea, amortisere haina kosa. Zungusha gido polepole: ikinasa katikati, vikombe vya goroli vimeliwa. Kukaza nati hakutoshi, vinabadilishwa.

Gido imepinda kisha kuanguka
Pengine miguu imejizungusha tu, basi legeza nati na unyooshe. Kama si hivyo, toa bomba na uiviringishe juu ya kioo. Ikirukaruka, imepinda. Kuipasha moto ili inyooke kunaondoa nguvu ya chuma, inaweza kukatika njiani.

Kazi yenyewe
Tegemeza pikipiki vizuri, ondoa gurudumu. Wakati wa kufungua kifuniko cha juu, weka uso mbali, sababu resori inakisukuma. Mwaga mafuta ya zamani, osha vyuma, pakaza mipira mipya mafuta, na ubadilishe ya miguu yote miwili. Pima mafuta sawasawa kila upande, kiasi kilichoandikwa mu kitabu cha pikipiki. Kuzidisha kunapasua mipira. Tumia mafuta ya amortisere, mara nyingi ni 10W. Mafuta ya breki hapana, inaharibu mipira. Ya mawese pia hapana.

Mbele ya kukaza gurudumu kabisa, sukuma gido chini mara kadhaa ili miguu ijipange.

Motari asipuuze tone moja. Mafuta ikishuka mpaka ku breki, breki haishiki tena. Mu mteremko, na mama na mtoto nyuma, hiyo ni hatari kubwa kuliko bei ya mpira. Kama breki imelowana, asipakie mutu mpaka isafishwe na kujaribiwa.