Wagika, Wagalu na Jahazi la Dhahabu: Nani Ahukumu Filamu Zetu?

Mtu wa Kambarage, pale Shinyanga mjini, akiipenda filamu kiasi cha kutaka kuhudhuria tamasha lake kubwa nchini, hana budi kufunga safari: basi hadi Dar es Salaam, kisha boti hadi Unguja. Huko ndiko liliko ZIFF, tamasha lililoanzishwa 1997 na kufanyika kwa mara ya kwanza 1998, na ambalo kwa miaka mingi kitovu chake kimekuwa Ngome Kongwe. Wenzetu wakirudi kutoka huko huandika uhakiki: fani, maudhui, nani kapata Jahazi la Dhahabu. Uhakiki huo si mbaya. Ila una pengo moja kubwa: hausemi hadhira ilifanya nini. Makala haya yanadai kwamba pengo hilo lina historia ndefu, na kwamba sisi tuliozaliwa Usukuma tunayo desturi inayoweza kuliziba.

Tuanzie 1935. Mwaka huo Waingereza wawili, L. A. Notcutt na G. C. Latham, walipiga kambi Vugiri, katika milima ya Usambara, wakaanzisha mradi wa filamu za kuwaelimisha Waafrika kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Hadi 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35. Mada zake zilikuwa kama vile safura, mmomonyoko wa udongo, kodi, na faida ya kuweka akiba katika benki ya posta. Picha zilitembezwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na sauti ilitoka kwenye santuri. Sasa basi, mradi ulipokwisha nani aliuhakiki? Notcutt na Latham wenyewe, katika kitabu walichokitoa 1937. Yaani mpishi kapika, kisha yeye mwenyewe kaandika kama chakula kilikuwa kitamu. Watu waliokaa chini usiku wakatazama, wakacheka, wakaguna, tunawasikia kwa mdomo wa mpishi tu.

Mtu atasema hayo ni ya mkoloni, yamepita. Tuangalie ya karibu. Mwaka 2004 Hubert Sauper, Mwaustria, alitoa filamu yake ya Darwin's Nightmare kuhusu biashara ya sangara jijini Mwanza. Ilituzwa Venice mwaka huo huo, na 2006 ikapata tuzo ya César kule Ufaransa. Huku kwetu mambo yalikuwa mengine. Mwaka huo wa 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani, na neno mapanki likawa gumzo la nchi nzima: ni chakula cha watu au si chakula cha watu? Mwaka 2013 ikaja White Shadow ya Noaz Deshe, hadithi ya kijana mwenye ualbino anayeshuhudia baba yake akiuawa, kisha mama yake anampeleka mjini kujificha. Nayo ikapata tuzo Venice. Filamu mbili, zote zinaigusa Kanda ya Ziwa, na mizani ya zote mbili ilikuwa Italia! Sisemi kwamba majaji wa kule walikosea. Nasema walikuwa na uhuru mmoja ambao mtu wa Geita hana: filamu ikiisha, wao wanaweza kwenda zao hotelini.

Je, Msukuma ahukumuje sanaa? Hapa historia inatusaidia. Tangu karne ya 19 wachezaji wa ngoma wa Usukuma wamegawanyika katika makundi mawili yanayoshindana, Wagika na Wagalu, ambayo masimulizi yanayahusisha na wachezaji wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Katika mashindano yao, mfano yale ya Bulabo yanayofanyika Bujora, karibu na Mwanza, vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja. Watazamaji wako huru. Anayevutiwa na upande wa pili anahama. Kundi lililojaza watu wengi ndilo mshindi. Ndiyo maana wachezaji hutafuta kila mbinu, majembe ya kurusha juu, nyoka, hata dawa za kuvuta watu. Hukumu ni ya miguu, na kila mtu anaiona.

Hukumu hiyo iliingia hadi kwenye vibanda vya video. Filamu ya Hong Kong au ya Nigeria ilipata msimuliaji wa Kiswahili, kama Lufufu wa Dar es Salaam aliyejijengea jina kwa kazi hiyo, naye akaongeza chumvi, utani na maonyo yake. Jamani, huyo si fanani? Tunafundishwa darasani kwamba fasihi simulizi huishi kwa fanani na hadhira kukabiliana ana kwa ana. Basi filamu ilipofika kibandani iligeuka kuwa fasihi simulizi, nasi wahakiki tukapita njia bila kuingia.

Hata hivyo, tusiipambe hadhira. Umma unaweza kukosea vibaya. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliitikisa Kanda hii hadi serikali ikasimamisha leseni za waganga wa kienyeji Januari 2009, na Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliyokaa Kahama ikawahukumu kifo watu 3 kwa kumwua mtoto mwenye ualbino wa Bukombe. Imani iliyoua ilikuwa na wafuasi. White Shadow ikionyeshwa uwanjani Geita, huenda watu wakahama, si kwa sababu filamu ni mbovu bali kwa sababu inachoma. Kwa hiyo kuhesabu miguu peke yake hakutoshi. Ni lazima mhakiki aulize: waliondoka wakati gani? Walinyamaza wapi? Walicheka mahali ambapo mtengenezaji alitaka walie? Msimuliaji aliongeza nini, akaruka nini?

Kwa mtazamo wangu, hiyo ndiyo kazi ya mhakiki wa tamasha, na ndiyo inayomtofautisha na mtu aliyetazama mkanda nyumbani. ZIFF yenyewe imewahi kupeleka filamu vijijini Unguja na Pemba, kwa hiyo si jambo la ndoto. Uwanja wa Kambarage upo. Ziwekwe skrini mbili zikitazamana, upande huu filamu iliyotuzwa ng'ambo, upande ule filamu ya Kiswahili ya Dar es Salaam, na watu waachwe watembee. Mhakiki akae katikati na daftari lake. Kisha ndipo atuandikie nani kashinda, na kwa nini.