Paa nunga na kwera wa Clarke: msitu mmoja, shida mbili

Ukitaja msitu wa Arabuko-Sokoke, wengi wetu huwaza ndovu. Mimi nataka kuwataja wadogo wawili, paa nunga na kwera wa Clarke, kwa sababu kila pakizungumzwa uhifadhi hutiwa kapu moja, na nionavyo hilo ni kosa.

Paa nunga ana kilo kumi hivi, rangi yake nyekundu ya kahawia, na nyuma mapajani ana mkanda mweupe. Duniani anajulikana hasa Unguja, Arabuko-Sokoke na misitu ya Boni na Dodori kule Lamu. Hula majani, maua na matunda yaliyoanguka, na mara nyingi huwafuata kima walioko juu mitini akaokota wanachoangusha. (Mvivu mwenye akili, huyu.) Adui yake ni mtego wa waya na mbwa wa windo. Msitu waweza kusimama mzima, miti yote ipo, na paa hamna.

Kwera hana anayemtafuta kwa kitoweo. Dume ni mweusi juu, manjano tumboni, na hapatikani popote ila kaunti ya Kilifi. Wataalamu walimwandika mwaka 1913, lakini anakotaga hawakukujua hadi 2013, viota vilipoonekana kwenye kinamasi cha msimu huko Dakatcha, upande wa juu wa Malindi. Wadudu wake huwatafuta kwenye miti ya mrihi. Kwa hiyo ana makao mawili: mrihi wa kulia na kinamasi cha kutagia, na mvua ikikosa, kinamasi nacho hakipo.

Hapo ndipo wanapoachana. Arabuko-Sokoke ni msitu wa serikali, na doria ya kung'oa mitego yamfaa paa. Kwera ukimlinda humo tu hujamlinda, maana Dakatcha sehemu kubwa ni ardhi ya jamii, na miti yake yaishia kwenye makaa na mashamba ya mananasi.

Ukiniuliza nani aanze kuokolewa, nasema kwera, najua wa Lamu watanuna. Simpuuzi paa: wa Sokoke wakiisha, wa Boni hawaji kwa miguu, kati yao kuna Sabaki, Tana na mashamba. Lakini kwera hana Unguja wala Boni ya akiba. Na kinamasi gani kimejaa mwaka huu, wanaojua ni wenyeji wa Dakatcha. Kazi yoyote ya kumlinda ianzie kwao.