Nani alianzisha chambo chenye kuelea?

Jina la mvumbuzi mara mingi si jina la mtu wa kwanza kufanya kitu. Ni jina la mtu wa kwanza kuandikwa. Leo tuchukue mfano mudogo wa Marekani: chambo cha bandia chenye kuelea, kile wavuvi wa kule wanamutegea samaki anayeitwa besi.

Besi ni samaki mla nyama wa mito na maziwa. Anajificha ndani ya majani ya kando. Asubuhi ao jioni anapanda juu kukamata chura, panzi, hata panya mwenye kuanguka majini. Njo maana mvuvi anatafuta chambo kisichozama.

Watu wengi wanaanzia hadithi hii Chattanooga, jimbo la Tennessee, mwanzoni mwa karne ya 20. Ernest Peckinpaugh alikamata kizibo chepesi cha chupa, akakipitisha kwenye ndoano, akafunga manyoya nyuma. Kiliekea vizuri, lakini kizibo kilikuwa kinazunguka kwenye chuma. Dawa ikapatikana: ndoano yenye kupindwa kidogo mgongoni, ili kizibo kishike. Akavitengeneza kwa kuuza, na jina lake likabaki.

Sasa turudi nyuma zaidi ya miaka 100. Katika 1791, William Bartram, mtaalamu wa mimea wa Philadelphia, alichapisha kitabu cha safari zake. Humo anaeleza uvuvi wa Florida. Watu wawili wako ndani ya mtumbwi. Mmoja anauongoza polepole kando ya majani, mwingine anakaa mbele na fimbo ndefu. Kwenye kamba fupi kuna ndoano tatu zilizofungwa mgongo kwa mgongo, zimefunikwa na nywele nyeupe za mkia wa kulungu, vipande vya kitambaa chekundu na manyoya ya rangi rangi. Fungu lote linakaribia ukubwa wa ngumi. Linachezeshwa juu ya maji mpaka samaki anaruka. Wengi wanaunganisha njia hiyo na Waseminole, wenyeji wa kule. Lakini majina ya wale wavuvi? Hayamo.

Na nywele za kulungu hazikuachwa. Zile za mwili ziko na hewa ndani, kwa hiyo zinaelea. Mfungaji anaweka kifungu kwenye ndoano, anazungusha uzi mara mbili bila kukaza, kisha anauvuta. Nywele zinasimama pande zote. Anazisukuma nyuma, anaongeza kifungu kingine, mwisho anakata kwa makasi mpaka umbo la chura linatokea. Chambo kimoja cha aina hii kinabeba jina la daktari James Henshall, mwandishi wa kitabu cha 1881 juu ya besi. Tena jina la mwandishi!

Simuzarau Peckinpaugh, alitatua tatizo la kweli. Bartram naye alitusaidia: bila kalamu yake, hata ule mtumbwi hatungeujua. Lakini alichora mikono, akaacha majina.

Siye wa agronomia tuko na deni lile lile. Mama mwenye kutuonyesha namna ya kuchagua mbegu ya maharagi, katika TFC anageuka kuwa "mkulima wa kijijini". Muombe ruhusa, kisha andika jina lake, kijiji chake na mwaka. Ni mustari mmoja tu.