Fomu Inayosubiri Mlangoni

Wakenya wengi waliokwenda Marekani wakaishia kutunza wazee wanaijua fomu hii. Mzee hajaonyeshwa hata kitanda, na tayari kuna maswali: ana ugonjwa wa akili? Ana ulemavu wa akili? Inaitwa PASRR, na ukidhani ni karatasi nyingine tu ya ofisi, basi hujasikia ilikotoka.

Mwaka 1955, hospitali za akili za majimbo ya Marekani zilikuwa na wagonjwa zaidi ya 550,000. Dawa mpya zikaja, na mwaka 1963 Rais Kennedy akatia sahihi sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili huko huko watu wanakoishi. Wazo zuri. Vituo vingi havikujengwa.

Halafu kuna pesa. Medicaid, mpango wa serikali wa kuwalipia maskini matibabu ulioanza mwaka 1965, ulikataa kumlipia mtu wa chini ya miaka 65 aliyelazwa hospitali ya akili. Huyo alikuwa mzigo wa jimbo. Lakini mtu yuleyule akihamishiwa makao ya wazee, serikali kuu inachangia bili. Unaiona hesabu? Majimbo yaliiona haraka sana. Maelfu wakahamishwa, wengine hata mvi hawajaota, wakawekwa mahali ambapo mara nyingi hapakuwa na wa kutibu akili. Yaani walibadilishiwa jengo tu.

Desemba 1987, Reagan akatia sahihi sheria ndefu ya bajeti, na ndani yake mageuzi ya makao hayo. Kuanzia 1989, mtu huchunguzwa kabla ya kupokelewa: maswali mafupi kwanza, na dalili zikionekana, uchunguzi wa kina. Je, kweli anahitaji kukaa hapa? Na matibabu ya akili atayapata vipi? Ukaguzi wa kila mwaka ulifutwa 1996. Siku hizi ni hadi hali yake ibadilike sana. Mimi naona hapo kamba ililegezwa mapema.

Mwaka 1999, kesi ya Lois Curtis na Elaine Wilson, waliobakizwa hospitalini Georgia ilhali madaktari walishakubali waweza kuishi nje, ilifika Mahakama ya Juu. Ikaamuliwa kwamba kumtenga mtu hivyo bila sababu ni ubaguzi. Curtis akawa mchoraji. Mwaka 2011 aliingia Ikulu, akamkabidhi Obama mchoro wake.